Kusimama Njiani

Waliousifu usafiri tangu dahari, kwa nathari na kwa mashairi, aghalabu wameusifu mwendo: jahazi linavyokata maji, farasi anavyotimua vumbi, motokaa inavyoipanda milima na kuiteremka, na kama yuko aliyepata kukisifu kituo, yaani ile saa ambayo chombo kimesimama na abiria hana la kufanya ila kutazama watu, basi sifa zake hazikunifikia. Mimi niliyekaa miaka mingi katika mji wa Kigali, ambao ukishika njia ya Dar es Salaam una karibu kilomita 1,500 baina yake na bahari, na ukishika njia ya Mombasa una zaidi ya hizo, nimekula riziki yangu kwa watu waliosimama. Kwa kuwatazama hao nimeingiwa na yakini kwamba watu hawajuani kwa kwenda bali kwa kungoja, na kwamba msafiri aliyesheheni haja zake zote ndani ya chombo chake, hata akawa hana sababu ya kubisha hodi kwa mtu, aweza kulivuka bara hili kutoka pwani moja hadi nyingine asimjue mtu yeyote ila wale aliotoka nao nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa ukarani wa forodha. Bohari za Gikondo, ambako kampuni ya Magerwa ilipokea shehena za nchi nzima kwa miongo mingi kabla ya bandari kavu ya Masaka kufunguliwa mwaka 2019, zilikuwa ndiyo bandari yangu, na malori ndiyo majahazi. Ubao wa namba ulioanza kwa T ulinijulisha kuwa amefika Mtanzania, wa K Mkenya, wa U Mganda. Dereva alikabidhi makaratasi yake dirishani, kisha akangoja. Asubuhi ikawa adhuhuri, adhuhuri ikawa alasiri, na muhuri mmoja ukimtafuta mwenzake katika ofisi ya tatu. Karani mwenye busara hufunga dirisha akala chakula chake kwa amani. Mimi nilikuwa na tabia ya kutoka nje.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanayo magari waliyoyajenga yawe nyumba, yenye vitanda na majiko na hata vyoo, nao huyaendesha kwa miezi wakiitafuta dunia. Sisi tunayo vilevile, ila kwa kuwa yamefungwa tela lenye kontena hatukuona sababu ya kuyapa jina la nyumba. Panda siku moja katika kichwa cha lori la masafa marefu, baada ya kuvua viatu kama mwenyewe alivyovua vyake, kwa maana mna zulia humo na zulia halikanyagwi kwa viatu, ukatazame: nyuma ya viti pana kitanda chembamba chenye godoro la sponji na shuka la maua lililonyooshwa kwa adabu ya askari, pana pazia lenye vishada la kumsitiri aliyelala, juu ya dashibodi upo msala uliokunjwa mara nne, na kando yake chupa ya chai, waya za simu zilizosokotana, na daftari la posho na mafuta lililofungwa kwa mpira. Nje, ubavuni mwa tela, lipo sanduku la chuma lenye kufuli, na humo mna mtungi mdogo wa gesi, sufuria, mwiko, unga wa sembe, mchele, dagaa wakavu, vitunguu, na chumvi katika kopo lililokuwa la maziwa ya unga. Jua linapopungua ukali, utingo hufungua sanduku hilo, hutandika kipande cha turubai katika kivuli cha magurudumu, huwasha moto, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa huenda ikawaita watu ambao hakuna aliyetumwa kuwaita.

Nakumbuka mume na mke, Wajerumani wa makamo, waliofika mjini na lori ambalo mafundi wa kwao walikuwa wameligeuza nyumba hasa, lenye madirisha ya vioo viwili na paa la kuvuna umeme wa jua. Walikuwa wameshuka kwa njia ya magharibi ya Afrika na kupanda tena kutoka kusini, na hapa Kigali kipuri fulani cha giaboksi kiliwavunjikia, hata ikawabidi wangoje kingine kutoka Ulaya, uani mwa gereji moja, ubavu kwa ubavu na malori mawili ya Watanzania yaliyongoja mambo yao. Mke alijua Kifaransa cha kadiri ya changu, nami ndimi niliyefanywa mkalimani. Dereva mmoja wa Dar es Salaam, mtu mwenye haya nyingi na mwili mkubwa, aliniomba nimwombee ruhusa ya kuiona nyumba ile kwa ndani. Akakaribishwa, akavua viatu ngazini, jambo lililowastaajabisha wenyeji wake, akatazama friji, akatazama bomba la maji ya moto, akafunguliwa kabati lililojaa makopo yaliyopangwa kama vitabu vya maktaba. Aliposhuka akanong'ona, ingawa wenyeji wake hawakuielewa lugha yetu:

"Mzee wangu, wallahi nyumba hii ni nzuri kuliko ninayopanga Tandika. Lakini hebu niulizie: wakiishiwa chumvi, wanamwomba nani?"

Nilitafsiri. Mume alicheka sana. Mke hakucheka, alifikiri kidogo, akajibu kuwa tangu watoke kwao chumvi haijapata kuwaishia, na kwamba watu waliozungumza nao kwa kirefu katika safari yote hiyo walikuwa, takriban wote, wenye nyumba za magurudumu kama yao, waliokutana nao katika viwanja vya kuegesha na kubadilishana habari za barabara na bei ya dizeli. Usiku ule walikula ugali na dagaa juu ya turubai. Mke alifundishwa kulifinyanga tonge na kulitia kishimo kwa kidole gumba ili lichote mchuzi, na mpaka kipuri kilipowasili alikuwa akijua majina ya watoto wa kila mtu pale uani, na ni nani kati yao anayesumbuliwa na hesabu za darasa la sita. Kilipowasili, gari lilitengenezwa kwa siku moja, wakaenda zao.

Siwalaumu watu wale, waliokuwa waungwana kupita wengi. Nasema tu kwamba anayesafiri kwa hiari huweza kuchagua asimame wapi na kwa nani, na mtu akiachiwa uchaguzi humchagua anayefanana naye. Ilhali dereva wa kulipwa husimamishwa na mizani, na matajiri wa mizigo, na askari wa barabarani, na mvua, na springi iliyokatika, na hao hawamuulizi angependa awe jirani wa nani. Adabu yake kwa watu asiowajua, ambayo wengi huidhania ni tabia ya asili, imefundishwa pia na elimu ya kwamba pengine kesho atakuwa amekwama mlangoni pao.

Pwani yetu ililifahamu jambo hili zamani, ikalifanyia utaratibu. Ibn Battuta wa Tangier, aliyezipitia bandari za upande huu mwaka 1331, ameeleza aliyoyaona Mogadishu: merikebu inapotia nanga, vijana wa mji huiendea kwa mashua, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake, na tangu hapo, isipokuwa yule aliyekwisha kuujua mji, mfanyabiashara hashuki ila kwa mwenyeji wake huyo, ambaye ndiye atakayemuuzia na kumnunulia. Msomaji wa leo huona humo ukarimu, na ukarimu ulikuwamo. Lakini mimi, kwa jicho la karani, naiona na hesabu: mgeni yule alikuwa na haja ya paa na mnunuzi, mwenyeji alikuwa na haja ya ushuru wake na habari za ng'ambo, na pepo za msimu zilikuwa zimekwisha kuamua kwamba hakuna awezaye kuondoka kabla ya miezi kupita. Ndoa, deni, urafiki na lugha viliota katika kungoja kule. Hata watu wetu wenyewe walipokuwa wageni mbali, kama Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mhudumu katika msafara wa Mjerumani Bumiller, na ambaye maelezo yake yamo katika kitabu cha *Safari za Wasuaheli* kilichokusanywa na Carl Velten na kutolewa mwaka 1901, waliyaona mengi kwa sababu walikuwa chini ya rehema ya wengine: mhudumu hukaa mlangoni, na mlangoni ndipo watu wanapopita.

Rwanda, kwa upande wake, haikuwa na mlango wa namna hiyo kwa wageni wa pwani. Misafara ya Bagamoyo ilipokuwa imekwisha kuizoea Tabora na Ujiji, na Karagwe ikiwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, nchi ya Mwami Kigeli Rwabugiri iliendelea kuwazuia wasiingie, hata sifa ya ukali wake ikatangulia mbele yao. Mzungu Götzen alipovuka mto Akagera mwaka 1894, alivukia karibu na maporomoko ya Rusumo, mahali pale pale ambapo leo kila lori la Dar es Salaam hupitia. Waswahili wakaja na dola ya Wajerumani, wengine askari, wengine wachuuzi, wengine makarani wa mfano wangu. Na Richard Kandt alipoanzisha kituo chake hapa Kigali mwaka 1907, wakafungua maduka karibu naye. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, uliojengwa mwaka 1913, ungali ushahidi. Baadaye Wabelgiji waliwatenga Waislamu katika mtaa wao, wakauita kambi ya Waswahili, na kutoka humo kwenda kwingine kulitaka kibali; hivi kwamba watu walioletwa na njia walifungiwa wasiende, wakafanya kama wafanyavyo watu wa njia wakisimamishwa: wakapika, wakasuluhisha, wakaoa, wakauza, na mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ikawa mahali ambapo dereva yeyote anayetoka Mwanza au Lamu husikia lugha yake kabla hajauliza. Bunge lilipoifanya lugha hiyo kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi mwaka 2017, watu wa gereji waliipokea habari kama mtu anayeletewa cheti cha ndoa baada ya wajukuu kuzaliwa.

Niliwahi kupanda lori mwenyewe kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, kwa idhini ya tajiri wake, kwa sababu nilichoka kuyaona makaratasi ya njia nisiyoijua. Maeneo yenye sifa nyingi nayapita haraka. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu. Mteremko wa Sekenke, baada ya Singida, ulimnyamazisha hata utingo wetu, jambo ambalo ni kazi kubwa. Na uwanda wa Igunga na Nzega ni uwanda. Lakini mizani! Sheria ya Afrika Mashariki haimruhusu mtu kupita na zaidi ya tani 56 kwa jumla, na kila ekseli ina kikomo chake, basi Vigwaza, Mikese, Njuki, Mwendakulima, Nyakahura, katika kila mojawapo ya vituo hivyo malori hupanga foleni, na foleni ni baraza. Pale nilimwona mama lishe aliyejua, bila daftari, ni dereva yupi ana sukari na asitiliwe sukari katika chai. Pale nilimkuta kijana wa Burundi mwenye shahada ya uhandisi aliyekuwa akiuza miwani ya jua, naye alinieleza, kwa upole na bila kuulizwa, kwa nini daraja moja tulilolivuka halitamaliza miaka kumi. Dereva wangu aliwajua wote kwa sauti. Usiku, akiwa hata hajafungua kioo, alisalimiana na watu gizani kwa vyeo vya heshima, mjomba, shangazi, mwalimu, hajjati, na ni wachache tu kati yao aliojua majina yao.

Tulipofika upande wa Benako, si mbali tena na mpaka, gurudumu la ndani la ekseli ya nyuma lilipasuka. Utingo aliruka na panga, akakata matawi akayatandaza barabarani nyuma yetu, kama ilivyo desturi, ili wanaokuja wajue kuna mgonjwa mbele. Kisha akaenda kwa miguu kumtafuta fundi wa pancha. Alirudi naye saa nne za usiku, mtu wa miaka arobaini hivi, mkimya, mwenye mataimbo mawili begani na tochi kichwani. Alipiga magoti akaanza kuing'oa tairi kwenye rimu, pigo kwa pigo, na kwa kuwa mimi sikuwa na kazi, nilimshikia tochi ya pili. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomjibu Kigali, alifanya kazi kitambo bila kusema, kisha akauliza kama mwaka 1994 nilipita hapa.

Msomaji anajua yaliyotukia. Tarehe 28 na 29 Aprili ya mwaka huo, katika muda usiozidi siku moja, watu wanaokadiriwa kuwa robo milioni waliuvuka mpaka pale Rusumo, na nyika ya Benako ikawa kambi kubwa kuliko miji mingi. Na mto huo huo, chini ya daraja hilo hilo, ulikuwa ukichukua maiti za waliouawa na kuzipeleka ziwani. Fundi alikuwa mtoto wa shule. Alinieleza kuwa siku ya kwanza yeye na mwenzake waliteka maji kisimani wakayauza kwa kikombe kwa wale waliokuwa wakiwasili, na jioni alimwonyesha baba yake pesa alizopata. Baba hakumpiga. Alimshika mkono, akamrudisha kambini usiku ule, akamwambia atafute aliowauzia awarudishie pesa zao. Walitembea mpaka alfajiri katika umati ule, hakumtambua hata mmoja.

"Nikiona mtu wa Rwanda mwenye umri wako, mzee, huwa nauliza," alisema. "Si kwa ubaya."

Nilimwambia kuwa sikupita hapo. Akaitikia kwa kichwa, akapaka gundi, akabandika kiraka, akajaza upepo. Alitutoza bei ile ile anayowatoza wote, na nilipotaka kumwongezea alinirudishia chenji yangu kamili, noti juu ya noti, akaniaga kwa kunitakia safari njema. Dereva wangu amepita barabara hiyo nusu ya maisha yake. Aliniapia kuwa fundi huyo amemzibia tairi zisizohesabika, na habari ile hajapata kumsikia akiisema. Labda ni kwa kuwa yeye, Mtanzania, hakuwa mtu wa kuulizwa. Labda ni kwa kuwa yeye husinzia fundi akifanya kazi, jambo ambalo ni haki yake.

Asubuhi tukavuka. Kuna jambo la ajabu katika daraja la Rusumo, nalo ni kwamba ukiwa Tanzania unaendesha upande wa kushoto, na ukiingia Rwanda unahamia kulia. Na kwa kuwa usukani wa lori letu ulikuwa kulia, dereva aliyekuwa mfalme wa barabara mpaka ukingo ule alishindwa tangu hapo kuona anayekuja mbele kila alipotaka kulipita gari, hata ikabidi utingo, kijana aliyekuwa akitumwa maji na vocha tangu Kibaha, aketi dirishani kushoto awe ndiye macho yake. "Bado... bado... twende!" Heshima ya kijana yule ilipanda kilomita kwa kilomita kupitia Kirehe na Kayonza, na tulipofika Kigali alikuwa akiitwa bwana.

Mpaka wenyewe haukutuchukua muda. Daraja la zamani, lililopitisha lori moja kwa wakati mmoja, limeachiwa kazi nyepesi; daraja jipya na kituo cha pamoja, vilivyojengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, vimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na Himaya Moja ya Forodha iliyoanza mwaka 2014 inautoza ushuru mzigo ukiwa bado bandarini Dar es Salaam. Wasafirishaji wanaokumbuka safari za majuma sasa huhesabu siku. Hapa nafsi yangu hujadiliana na nafsi yangu. Naweza kuandika kwa huzuni kwamba foleni zile za Rusumo za zamani, ambamo Mkongo alimfundisha Mpemba kucheza karata na Mpemba akamsimamia Mkongo sala ya jeneza la ndugu yake, hazipo tena. Lakini nilikuwapo, na najua kwamba foleni zile zilikuwa pia za rushwa, na za wezi wa dizeli, na za maradhi yaliyowafikia wake waliokuwa nyumbani wakingoja bila habari. Wala sijamsikia dereva hata mmoja anayezitamani. Ufasaha wa anayeshinda njaa usitumiwe kuisifia njaa. Waliofupisha kungoja wametenda ihsani, na kama ihsani hiyo imetupunguzia masahibu, basi masahibu watafutwe kwa njia nyingine.

Kwani tumeuona pia upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea na vipimo vikawakuta madereva wakiwa wameambukizwa, iliamriwa kwamba lori likifika mpakani dereva mgeni ashuke na dereva wa hapa apande, na madereva wa Tanzania wakagoma pale Rusumo, si kwa ukaidi tu, bali kwa sababu mtu aliyepewa dhamana ya gari la mamilioni ampe nani funguo? Zaidi ya hayo, alikuwa akiambiwa atoke katika kitanda chake. Baadaye mizigo mingine ilipakuliwa Kiyanzi, upande wa Rwanda, na ile iliyoruhusiwa kusonga iliongozwa kwa misafara, bila kusimama. Madereva wakapita Kibungo na Rwamagana wakipunga mikono kwa watu ambao mwezi uliotangulia walikuwa wakila nao, na mikono ile haikupungiwa kila mara. Nyumba ya magurudumu ikawa kweli kama ile ya Wajerumani wangu, imejitosheleza kwa kila kitu. Na dereva mmoja alinipigia simu kutoka Masaka, maili chache tu kutoka kwangu, tukazungumza saa nzima kama watu walio katika nchi mbili.

Kigali ina dawa yake ya upweke kama huo, ingawa haikutungwa kwa ajili ya wageni. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, na tangu saa mbili mpaka saa tano za asubuhi nchi huacha shughuli zake ili watu walime mitaro, wapande miti, wafyeke majani. Maduka hufungwa na magari hayatembei ila yenye dharura. Dereva asiyejua kalenda yetu hujikuta amesimamishwa na askari mpole mahali popote alipofikia, naye hutazama kushoto na kulia kwa hasira ya mtu aliyeibiwa asubuhi. Kisha hushuka. Nimewaona, pale chini ya Gikondo, wakiazima jembe. Nimemwona Mkamba mmoja mwenye kitambi akifundishwa na bibi wa mtaa wetu namna ya kuotesha mche ukae wima kwenye mteremko, naye akimwambia bibi huyo kwa Kiswahili cha Machakos kwamba kwao ardhi ni hiyo hiyo ila mvua ndiyo tofauti. Bibi hakulijua neno la Kiswahili hata moja isipokuwa "pole", na alilitumia vizuri. Baada ya kazi watu huketi katika mkutano wa mtaa, na mgeni huombwa ajitambulishe. Saa tano ikilia injini huwaka mji mzima.

Sasa wanasema reli itakuja. Marais wa Rwanda na Tanzania waliafikiana mwaka 2018 kwamba reli ya kisasa ifike Kigali kutoka Isaka, na kwa kuwa treni za umeme zimekuwa zikichukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu mwaka 2024, haifai tena kuicheka habari hiyo. Nilimweleza jambo hili yule dereva wa Tandika aliyeuliza habari za chumvi, tukiwa Biryogo, katika ule mtaa uliopakwa rangi na kufungwa kwa magari, mbele ya gilasi za chai ya nanaa. Nilidhani atasikitika. Akafikiri kwa utaratibu wake, akaniambia kwamba kontena halina miguu, na likishushwa stesheni litahitaji mtu wa kulifikisha dukani. Kwa hiyo yeye ataomba safari fupi za hapa mjini, alale kitanda kisichotikisika, na mke wake aje, kwa kuwa anapenda baridi. Kisha akaniuliza chumba na sebule hapa Nyamirambo ni kiasi gani kwa mwezi. Nilipomtajia alisema huo ni wizi. Nikamtetea mwenye nyumba, ambaye ni shemeji yangu. Naye akaita watu wa meza ya pili, Mkongo na Mnyarwanda asiowajua, watuamulie. Na walipokuwa wangali wakigawanyika, simu yake ikalia kutoka Masaka kwamba makaratasi yake yametoka.